Barua za Wasomaji: Kituo cha makaa ya mawe kisiwani, hesabu zake zikoje?

Barua za zamu hii zimetoka Unguja na Pemba, na takriban zote zinazunguka jambo moja: kama Zanzibar inaweza kujijengea kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Tumezijibu kwa hesabu. Panapohitajika mfano tumechukua kituo cha megawati 100 kinachofanya kazi kwa asilimia 85 ya uwezo wake kwa mwaka, na makaa yenye joto la megajuli 25 kwa kilo na majivu asilimia 15. Mwenye tarakimu zake abadilishe. Njia ya kupiga hesabu haibadiliki.

Tulikaa gizani Mei na Juni 2008, tukakaa tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisa waya mmoja. Bara kuna makaa ya Ngaka, Kiwira na Mchuchuma. Kwa nini tusijenge kituo chetu tukaachana na waya wa baharini?
*Muuza barafu, Fuoni*

Ndugu yetu wa Fuoni, kwa mwenye kazi kama yako miezi ile ilikuwa mizito khasa. Waya uliotuangusha ulikuwa ule wa 1980. Tangu 2013 Unguja ina waya mwengine wa kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 100, na Pemba ina wake wa kilovolti 33 kutoka Tanga tangu 2010.

Anayepanga kituo haanzi na makaa. Huanza na mfumo utakaoupokea umeme, na suali lake la mwanzo ni hili: mashine kubwa kuliko zote ikizimika kwa ghafla, taa zitabaki? Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mashine ikitoka, mzunguko huanza kushuka hapo hapo, na pengo lisipozibwa ndani ya sekunde chache, relei za ulinzi hukata mtaa baada ya mtaa mpaka kisiwa kizima kiwe giza. Ndiyo maana wapangaji hushika kanuni kwamba mashine moja isizidi asilimia 10 ya mahitaji ya juu ya mfumo, na ikizidi sana iwe 15. Tuchukue mahitaji ya megawati 120. Mashine moja basi iwe ya megawati 12 hadi 18. Mashine ya makaa ndogo kiasi hicho hugeuza kuwa umeme kama asilimia 29 tu ya joto inalochoma. Ya megawati 100 hufika 35, na zile kubwa za kisasa zenye mgandamizo mkubwa wa mvuke hupita 40. Kwa maneno mengine, mashine ndogo itakula nusu kilo ya makaa kwa kila uniti ya umeme, badala ya gramu 410.

Ukizikataa ndogo ukaweka moja ya megawati 100, umekitegemeza kisiwa kwenye boila moja, yaani tanuri linalochemsha maji yawe mvuke wa kuzungusha mashine, na boila hutoboka. Ndani yake mna kilomita nyingi za mabomba membamba yanayopigwa na moto kwa nje na kusuguliwa na majivu yanayoruka, mithili ya msasa. Bomba moja likipasuka kituo hakina budi kuzimwa. Kisubiriwe kipoe siku moja au mbili, fundi aingie, akate kipande, achomelee kipya, kipimwe kwa mgandamizo wa maji, halafu ndiyo kiwashwe. Kukiwasha kikiwa baridi ni kazi ya saa 8 hadi 12, na moto wa mwanzo ni wa dizeli mpaka boila ipate joto la kuyashika makaa. Ongeza matengenezo ya kila mwaka, wiki tatu hadi tano. Siku zote hizo umeme utatoka wapi? Utatoka kwenye waya ule ule wa baharini, tena ukihitajika na uwezo wake wote. Kwa hivyo kituo hakitutoi kwenye waya. Kinatufanya tulipie vyote viwili.

Kuna na usiku wa manane, mahoteli yamezima viyoyozi na mahitaji yameshuka. Boila ya makaa ikishushwa chini ya asilimia 40 hadi 50 moto wake huyumba na hushikiliwa kwa kumimina mafuta. Hapo utachoma dizeli ili tu kituo kisizimike.

Rai yetu tunaisema wazi: kwa ukubwa wa mfumo wetu wa leo, kituo cha makaa Unguja hakifai, na Pemba hakifai zaidi. Khofu yako ya waya mmoja ni ya haki, na dawa yake ni waya wa ziada unaopita njia nyengine kabisa, mbali na ule wa mwanzo, ili nanga moja ya meli isikate zote mbili kwa siku moja. Waya huo uandamane na betri za kushika sekunde na dakika za mwanzo, na jenereta za akiba zinazowaka kwa dakika chache. Huko bara, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Umeme upo, kazi ni kuuvusha kwa usalama.

Kituo cha mfano wenu kitakula tani ngapi, na zitashushwa wapi?
*Mwanafunzi wa chuo, Tunguu*

Megawati 100 mara saa 24 mara 0.85 ni megawati-saa 2,040 kwa siku, sawa na uniti milioni 2 na ushei. Zidisha kwa kilo 0.41, utapata kama tani 840 kwa siku, tani 305,000 kwa mwaka. Kutoka mgodini hadi bandari ya bara ni malori 28 ya tani 30 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa barabara ya mamia ya kilomita. Kuvuka bahari kwa tishari, chombo bapa cha shehena, la tani 7,000 ni safari 44 kwa mwaka, yaani moja kila siku nane.

Sasa weka kusi. Juni hadi Septemba bahari huchafuka na kushusha kwa tishari kunaweza kusimama siku kadhaa mfululizo. Akiba ya siku 30 inayotajwa vitabuni ni ndogo kwa kisiwa. Sisi tungepanga 45, ambazo ni tani 38,000 zilizolala chini, zimeshalipiwa, zinangoja kuchomwa. Bandari ya Malindi iko ubavuni mwa Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na vumbi la makaa halina nafasi pale. Kwa hivyo ni gati mpya, na gati hiyo huingia kwenye gharama ya kituo hata kama mwekezaji ameiandika kwenye ukurasa mwengine.

Jambo jengine linalosahauliwa: boila huundwa kwa makaa maalumu. Kabla ya kuagiza boila yapimwe joto lake, unyevu, majivu, salfa, ugumu wa kusagika, na nyuzi joto ambazo majivu yake huanza kuyeyuka. Hicho cha mwisho kikikosewa, majivu huyeyuka ndani ya tanuri, huganda kwenye mabomba kama mawe, na joto halipiti tena. Mradi ulioahidi makaa ya mgodi mmoja kisha ukaletewa ya mgodi mwengine kwa bei nafuu, mara nyingi huanza kuumwa na ugonjwa huu mwaka wa mwanzo.

Nalima mwani. Tunaambiwa kituo huvuta maji ya bahari na kuyarudisha vile vile yalivyo. Ni kweli?
*Mkulima wa mwani, Bweleo*

Hapana, bibi. Hurudi yamepata joto, na kuna dawa ndani yake.

Katika kila joto la makaa linaloingia boila, theluthi moja tu na kidogo hutoka kuwa umeme. Sehemu nyengine hupanda na moshi, na iliyo kubwa kuliko zote huenda kwenye kondensa, pale mvuke uliokwisha kazi unapopozwa uwe maji tena. Kwa megawati 100 hilo ni joto la megawati 145 hivi. Ukilibeba kwa maji ya bahari na kuruhusu yapande nyuzi 8, unahitaji mita za ujazo 4 hadi 5 kwa sekunde, kiasi cha 16,000 kwa saa, usiku na mchana.

Wewe unajua maji ya kina kifupi yanavyokuwa bahari ikipwa mchana wa bamvua wakati wa kaskazi: mguu huhisi moto. Mwani wa aina ya cottonii ndio wa mwanzo kushindwa. Hupauka kwenye ncha, mche hulainika pale ulipofungwa kwa kikamba cha tai-tai, ukatike uchukuliwe na maji. Aina ya spinosum huvumilia zaidi kidogo. Wakulima wengi walishaiacha cottonii kwenye maji mafupi kwa sababu ya joto hilo hilo, kabla ya kituo chochote. Nyuzi 2 za ziada juu ya bahari iliyokwisha kupata joto zinatosha kumaliza shamba. Matumbawe nayo hupauka joto likikaa nyuzi 1 tu juu ya kilele chake cha kawaida kwa wiki kadhaa. Tuliyaona 1998, tukayaona tena 2016.

Dawa yenyewe ni klorini. Hutiwa ili kome na chaza wasiote ndani ya mabomba, na mabaki yake hutoka na maji. Kwenye mdomo wa kuvutia, mayai ya samaki na dagaa wachanga hupita wavu na kuingia kwenye joto, na wakubwa hubanwa juu ya wavu. Bahari hujibu pia: mwani uliokatika na makundi ya yavuyavu huziba wavu, maji hupungua, kondensa hupoteza nguvu ya kuvuta mvuke, na kituo huzimika ndani ya dakika.

Mtu akikwambia watajenga mnara wa kupozea badala ya kurudisha maji baharini, muulize maji matamu yatatoka wapi. Mnara hupoteza kama mita 2 za ujazo kwa kila megawati-saa, yaani mita 4,000 kwa siku. Kwa lita 100 kwa mtu, hayo ni maji ya watu 40,000. Visima vyetu vimo ndani ya mawe ya chokaa, na vikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda kutoka chini.

Ukiitwa mkutanoni omba ramani ya joto: maji yakitoka, yatasambaa wapi wakati wa kujaa, wakati wa kupwa, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Ramani nne. Wakikuletea moja, kazi haijafanywa.

Majivu yake yanafaa kupigia matofali?
*Mpiga matofali, Vitongoji, Pemba*

Yanafaa, kwa masharti, na si yote. Kituo cha mfano hutoa tani 126 kwa siku. Kama tani 100 ni majivu ya kuruka, laini kama unga, yanayonaswa kwenye vichujio. Tani 25 ni mazito yanayoanguka chini ya tanuri. Ya kuruka yanaweza kuchukua asilimia 15 hadi 35 ya nafasi ya saruji kwenye zege, ikiwa makaa yasiyoungua yaliyobaki ndani hayazidi asilimia 6. Yakizidi, zege hunywa maji ovyo na kupoteza nguvu. Majivu ya boila ndogo zinazochanganya chokaa kwenye moto ni mengine: yana chokaa hai, na tofali huweza kuvimba na kupasuka miezi baada ya kujengewa. Usichukue lori la majivu bila ya karatasi ya maabara.

Hata ukiyatumia, soko letu halimalizi tani 100 kila siku. Yatalazwa. Tani 46,000 kwa mwaka ukizimwaga juu ya uwanja mmoja wa mpira zitaufunika kwa kina cha mita 6 na zaidi, na hapo ni mwaka mmoja. Kwa miaka 25, ukiyarundika mita 10 kwenda juu, unahitaji ekari 28 za majivu matupu, kabla ya njia, mitaro na kingo. Majivu yana aseniki, zebaki kidogo, boroni na seleni, na mvua huyaosha. Huko bara kwenye udongo wa mfinyanzi maji hayo husafiri polepole. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe ina nyufa na mapango, na maji ya masika hupotea chini kwa muda mfupi. Shimo la majivu basi litandikwe mfinyanzi uliosindiliwa kiasi cha sentimita 60, juu yake karatasi ya plastiki nzito ya milimita 1.5 hadi 2 iliyounganishwa kwa joto na kupimwa kila mshono, na pembezoni visima vya kupimia maji, juu ya mteremko na chini yake.

Kuyalaza yakiwa makavu na kuyasindilia ni bora kuliko kuyaogesha kwenye bwawa. Kule Kingston, jimbo la Tennessee, Marekani, tarehe 22 Disemba 2008 kingo ya bwawa la majivu ilibomoka, zikamwagika zaidi ya mita za ujazo milioni 4, zikaingia mtoni na kwenye nyumba za watu.

Rundo la makaa huwaka lenyewe? Na likiwaka, si unamwagia maji?
*Dereva wa buldoza, Mkoani*

Huwaka. Makaa hunyonya oksijeni na kutoa joto. Joto lisipopata pa kutokea, hujijenga ndani. Mahali pabaya ni ubavuni mwa rundo upande wa upepo, chini ambako mabonge makubwa hujikusanya na hewa kupita.

Kinga yake ni kazi yako wewe. Tandaza tabaka za sentimita 30 hadi 50, sindilia kila tabaka, usimwage kutoka juu hata mabonge yakaserereka. Yaliyoingia mwanzo yatoke mwanzo. Chomeka vipima joto virefu kila wiki. Penye nyuzi 60 usingoje kesho. Dalili ya mapema ni mvuke alfajiri na harufu kama ya mafuta ya taa.

Maji juu ya rundo lililowaka ndani hayafiki penye moto. Hupasua njia za hewa mpya, na yakifika penye joto kali hutoa mvuke na gesi zinazoweza kulipuka. Chimba sehemu yenye moto kwa ekskaveta, itandaze mbali kwa tabaka nyembamba, ipoe, ndiyo uinyunyizie. Asisimame mtu upande wa upepo unakoelekea, maana kuna kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Na wakati wa masika uwe na banda la makaa makavu ya siku 5 hadi 7. Makaa yaliyorowa huganda kwenye midomo ya vinu vya kuyasaga na kukinyima kituo chakula akiba ikiwa imejaa uwanjani.

Dohani refu si linaondosha sumu?
*Mwalimu wa skuli, Wete*

Linaisambaza, haliiondoshi. Makaa yenye salfa asilimia 1 kwa tani 840 hutoa tani 17 hivi za dioksidi ya salfa kwa siku, liwe dohani la mita 50 au 200. Kuinasa kunataka mtambo wa kuosha moshi kwa chokaa, kama tani 27 za mawe ya chokaa kila siku.

Nani atatoa fedha, na itachukua miaka mingapi?
*Mstaafu, Kikwajuni*

Mzee wetu, milango imepungua. Benki ya Dunia ilijiwekea 2013 kutogharamia makaa isipokuwa kwa nadra sana, na Septemba 2021 Rais Xi Jinping alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga vituo vipya vya makaa nje ya nchi yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa mifuko mikubwa.

Kwa muda, weka mwaka mmoja wa upembuzi wa awali, mmoja na nusu au miwili wa upembuzi kamili na tathmini ya mazingira, kama hiyo tena ya mikataba na mikopo, kisha mitatu hadi minne ya ujenzi. Miaka 7 hadi 9, mambo yakienda vyema.

Pa kutazama zaidi ni mkataba wa kununua umeme, kwa sababu mwekezaji hulipwa kwa kuwa tayari, hata usipoununua umeme wake. Chukua kituo cha dola milioni 300, kilipwe kwa miaka 25 kwa riba ya asilimia 10: ni dola milioni 33 kila mwaka. Kikifanya kazi asilimia 85, baada ya kutoa asilimia 9 ya umeme kinaoutumia chenyewe, malipo hayo ni senti 4.9 za dola kwa uniti. Kikifanya kazi asilimia 50 kwa sababu mahitaji hayakukua kama ilivyotabiriwa, yanapanda hadi senti 8.3, kabla ya kununua kilo moja ya makaa. Utabiri wa mahitaji ndio unaotajirisha au kufilisi mradi wa namna hii.

Lamu ni mfano wa karibu. Kituo kilipangwa Kwasasi, megawati 1,050, kwa kiasi cha dola bilioni 2, na Kenya nzima wakati huo saa ya juu ilitumia chini ya megawati 2,000. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Kuamua Mashauri ya Mazingira la Kenya lilifuta leseni yake ya mazingira, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Baadaye wafadhili wakajitoa.

Wataalamu wa tathmini wakija kwenye shehia yetu, tuwaulize nini?
*Mjumbe wa kamati ya shehia, Kaskazini Unguja*

Kwanza muwatake ripoti nzima, si muhtasari, na kwa Kiswahili, muda wa kutosha kabla ya kikao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015 inataka tathmini kwa miradi mikubwa, na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ndiyo inayosimamia. Bei ya umeme ni ya ZURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati. Msikubali saini za mahudhurio zitumike kama saini za ridhaa. Juu ya kila karatasi mtakayotia saini andikeni kwa mkono: mahudhurio tu.

Halafu ulizeni njia nyengine zilizopimwa. Ripoti isiyo na sura ya kulinganisha waya wa ziada, jua na betri haijakamilika. Jua lina mipaka yake na lisemwe ukweli: kilowati moja ya paneli hapa kwetu huzaa kama uniti 1,400 kwa mwaka, na megawati moja hutaka kama hekta moja. Haliwezi peke yake kubeba mahitaji ya saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa. Lakini lisipolinganishwa hamtajua mnachokataa wala mnachokubali.

Mwisho, takeni vipimo vya kabla. Visima vyote vya shehia vipimwe chumvi, aseniki na boroni, masika mara moja na kiangazi mara moja. Joto la bahari lirikodiwe mwaka mzima, kwenye mashamba ya mwani na kwenye miamba ya kuvulia. Vumbi la hewa lipimwe skulini na kituo cha afya. Nakala moja ya vipimo ibaki kwa sheha, imepigwa muhuri na tarehe, na nyengine wekeni msikitini au kwa mtu mnayemuamini nje ya kamati.